Mgeni, mtalii, mtembeleaji, mpita njia: maneno ya wanaofika na namna ya kuwahesabu

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kumtaja mtu anayefika mahali pasipo pake: mgeni, mtalii, mtembeleaji, mtembezi, mzuru, mpita njia. Katika mazungumzo ya kawaida maneno haya hupishana bila madhara. Katika ripoti, tangazo, fomu ya langoni au tafsiri ya takwimu za tovuti, kila neno hubeba dai lake kuhusu aliyefika: kama alikusudia kufika, kama alipokewa, kama alilala, kama alilipa, na hata kama ni mtu. Makala haya yanaeleza mipaka ya maneno hayo, kisha yanaonyesha matumizi yake panapozungumzwa kuvutia na kuelewa wanaofika kwenye tovuti.

Mifano imechukuliwa Mikumi na Kilosa, mkoani Morogoro. Mikumi ni mji mdogo ndani ya Wilaya ya Kilosa, na ni jina pia la Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye eneo la kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia hukatiza ndani ya hifadhi hiyo kwa takriban kilomita 50. Mabasi na malori hupita humo usiku na mchana, na abiria huwaona twiga, pundamilia na tembo kupitia dirishani bila kufika kwenye lango la hifadhi. Swali la lugha huanzia hapo: je, abiria huyo ni mgeni wa Mikumi? Mwenye tovuti hukabiliwa na swali hilo hilo kila anaposoma takwimu zake, na neno analochagua mfasiri ndilo linaloamua jibu atakalolipata.

## Mgeni

Nomino ya ngeli ya A-WA: mgeni, wageni. Shina lake, -geni, ni la Kibantu. Kikuyu wana *mũgeni*, Waganda wana *omugenyi*. Shina hilo limezaa pia ugeni, ugenini, kigeni na kivumishi -geni, kama katika jambo geni.

Neno lina maana mbili zinazokaa pamoja. Ya kwanza ni mtu aliyefika na kupokewa: mgeni wa nyumbani, mgeni rasmi, mgeni mwalikwa. Mgeni wa namna hii ana mwenyeji, naye mwenyeji ana wajibu kwake. Amebisha hodi, amekaribishwa, amepewa kiti. Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone hutegemea maana hii, na ile ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu huonyesha kwamba hata heshima hiyo ina muda wake.

Maana ya pili ni mtu asiye wa mahali hapo, yaani kinyume cha mwenyeji au mzawa. Hapa neno si la ukarimu tu. Wilayani Kilosa, ambako wakulima na wafugaji wamegombania ardhi na maji kwa miaka mingi, na ambako mapigano ya Desemba 2000 katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni yaliua watu, kumwita jirani mgeni kunaweza kumaanisha kwamba hana haki ya kuwapo. Mwandishi wa kipeperushi au wa tovuti ya eneo kama hilo anapaswa kuhakikisha kwamba sentensi yake inaelekea maana ya kwanza. «Karibuni wageni wetu» haina utata. «Wageni waliopo wilayani» ina utata, na ni bora kutaja wahusika kwa kazi au safari yao: watalii, wafanyabiashara, wafugaji waliohamia, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Katika biashara ya malazi, mgeni ana maana finyu zaidi: mtu aliyechukua chumba. Ndiyo maana jengo huitwa nyumba ya wageni, au gesti kwa lugha ya mtaani, na daftari la mapokezi huitwa kitabu cha wageni. Kitabu hicho, ambacho hupatikana pia katika ofisi za serikali, shule na zahanati, humtaka anayefika aandike jina, anakotoka, tarehe na sahihi. Mgeni aliyeandikwa humo ni mtu mmoja, anajulikana, na alikuwapo. Mambo hayo matatu ndiyo yanayokosekana mtandaoni, kama itakavyoonekana chini.

## Mtalii

Nomino ya A-WA kutokana na kitenzi talii. Kitenzi hicho kina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kusoma kwa makini na kuchunguza. Neno mtaala limetoka katika ukoo huo huo. Kwa asili yake, basi, mtalii ni mtu anayekwenda kutazama ili ajue, na starehe imeongezwa baadaye. Tofauti na mgeni, mtalii hafafanuliwi na mwenyeji wake bali na kusudi la safari yake. Mtu anaweza kuwa mtalii katika nchi yake mwenyewe, na ndiyo maana istilahi utalii wa ndani haina mgongano wowote.

Katika takwimu neno hili lina mpaka mkali zaidi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Utalii humhesabu kuwa mtalii yule msafiri aliyetoka nje ya mazingira yake ya kawaida kwa muda usiofika mwaka mmoja, asiyekwenda kuajiriwa huko, na aliyelala angalau usiku mmoja. Asiyelala huwekwa katika kundi jingine, linaloweza kuitwa watembezi wa siku. Makundi haya mawili kwa pamoja ndiyo yanayounda kundi kubwa la wanaozuru. Mfasiri anayeandika watalii kwa kundi zima huwalaza watu ambao hawakulala.

Tofauti hiyo ina uzito Mikumi. Hifadhi inafikika kwa gari kutoka Dar es Salaam au Morogoro, na wapo wanaoingia asubuhi na kuondoka jioni. Hawa wamelipa kiingilio na wamewatazama wanyama, lakini hawakulala mjini. Taarifa isemayo «watalii wameongezeka Mikumi» inaweza kuwa kweli langoni na isionekane kabisa katika vitabu vya nyumba za wageni. Taarifa iliyoandikwa kwa uangalifu hutenganisha waliopita langoni na waliolala.

## Mtembeleaji na mtembezi

Maneno haya yana mzizi mmoja, tembea, lakini hayabadilishani. Mtembezi hutokana na tembea, naye ni mtu anayetembea au apendaye kutembea. Hana mahali maalumu anapokwenda. Mtembeleaji hutokana na tembelea, kitenzi kilicho katika kauli ya kutendea, na kauli hiyo hudai shamirisho: mtu hutembelea mahali fulani au hutembelea mtu fulani. Kwa hiyo mtembeleaji daima ni mtembeleaji wa kitu: wa makumbusho, wa hifadhi, wa tovuti.

Faida ya mtembeleaji ni kwamba neno halidai mengi. Halisemi kwamba aliyefika alipokewa, wala kwamba alilala, wala kwamba ni mgeni wa nchi. Husema tu kwamba alikwenda mahali hapo. Ndiyo sababu ni neno salama kwa tovuti. Udhaifu wake ni uzito wa umbo: silabi sita, na katika wingi, watembeleaji, sentensi huchoka upesi. Dawa yake haiko katika kulibadili kuwa wageni bali katika kurudi kwenye kitenzi, jambo linaloelezwa katika sehemu ya kuhesabu.

Tahadhari moja ya matumizi: tembelea haina doa, lakini tembea na mtu, katika mazungumzo ya kawaida, humaanisha pia kuwa na uhusiano wa kimapenzi naye. Tangazo la kampuni ya kuongoza watalii lisemalo «tembea nasi» hupita. Lisemalo «tembea na mwongozaji wetu» huchekesha. «Tembelea Mikumi ukiwa na mwongozaji wetu» huondoa tatizo.

## Mzuru na ziara

Zuru na ziara zimetoka katika kitenzi cha Kiarabu cha kutembelea. Kitenzi zuru ni cha lugha rasmi: viongozi huzuru mikoa, mahujaji huzuru makaburi. Nomino mzuru ipo lakini ni adimu, na wingi wake, wazuru, husomwa kwa haraka kama wazuri. Haipendekezwi katika takwimu.

Ziara, ya ngeli ya I-ZI, ina maana tatu zilizokomaa: safari ya kikazi ya kiongozi, safari ya kidini kwenye kaburi au mahali patakatifu, na safari ya mafunzo, kama ziara ya wanafunzi wa sekondari ya Kilosa kwenda hifadhini. Zote zina ratiba na heshima. Ziara inapotumiwa kwa mtu aliyefungua ukurasa na kuufunga, neno huonekana limevaa nguo kubwa. Hata hivyo limekwisha kuingia katika tafsiri za takwimu, nalo lina sifa moja nzuri: huhesabu tukio, si mtu. Mtu mmoja anaweza kufanya ziara tatu. Mahali panapohitajika nomino ya tukio, ziara inafaa kuliko wageni.

## Mpita njia

Mpita njia, wapita njia: mtu ambaye mahali hapo si mwisho wa safari yake. Abiria wa basi la Mbeya anayetazama swala kupitia dirishani ni mpita njia wa Mikumi. Abiria wa treni ya Dodoma anayepita Kilosa bila kushuka kituoni ni mpita njia wa Kilosa. Hakuna dharau katika neno hili. Mpita njia ameona mahali; kesho anaweza kurudi akiwa mtalii, au akamsimulia mwingine. Wauza matunda wa stendi na wenye mikahawa ya kando ya barabara Mikumi huishi kwa wapita njia. Lakini hakuna mhudumu wa mapokezi anayemwandika mpita njia katika kitabu cha wageni.

Sehemu kubwa ya wanaofungua tovuti nyingi ni wapita njia. Walikuwa wakitafuta kitu kingine, wakagusa kiungo, wakaona, wakaondoka. Lugha ya takwimu isiyo na neno kwa ajili yao huwaingiza wote katika wageni, na hapo ndipo hesabu inapoharibika.

## Kuhesabu: faili, kurasa, ziara, vifaa, watu

Takwimu za tovuti huhesabu vitu vinne tofauti, na cha tano, ambacho ndicho msomaji anachokitaka, hazikihesabu moja kwa moja.

Cha kwanza ni maombi ya faili, kinachoitwa «hit» kwa Kiingereza. Ukurasa mmoja wenye picha 20 huzaa maombi 21: moja la ukurasa wenyewe na 20 za picha. Katika miaka ya mwanzo ya intaneti tovuti zilijivunia mamilioni ya namna hii. Tafsiri «mapigo» haisemi kitu. «Maombi ya faili» husema kinachohesabiwa.

Cha pili ni kurasa zilizofunguliwa. Hapa Kiswahili hakina tatizo.

Cha tatu ni ziara, yaani mfululizo wa vitendo vya kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Katika Google Analytics, isipobadilishwa mipangilio, ziara huhesabiwa kuwa imekwisha baada ya dakika 30 za kimya. Anayesoma bei za vyumba saa nne asubuhi, akaenda sokoni, akarudi saa sita kuzisoma tena, amefanya ziara mbili.

Cha nne ndicho kinachotafsiriwa vibaya zaidi. Ripoti hukiita «visitor» au «user», na wafasiri huandika wageni au watumiaji. Kinachohesabiwa kwa kawaida ni kivinjari kilichowekewa alama, yaani kidakuzi. Mtu mwenye simu ya mkononi na kompyuta ya ofisini huhesabiwa mara mbili. Wanafunzi 20 wanaotumia kompyuta moja ya maabara ya shule kwa akaunti ile ile huweza kuhesabiwa mara moja. Familia inayoshiriki simu moja ni kitu kimoja. Aidha, zipo programu zinazozunguka tovuti zenyewe bila mtu, kama zile za mitambo ya utafutaji. Nyingi huchujwa, nyingine hupenya. Kuziita wageni ni kuipa ngeli ya watu kitu kisicho mtu.

Cha tano ni watu. Tovuti isiyo na mlango wa kujisajili haina kitabu cha wageni, na hivyo haijui ni watu wangapi waliofika.

Kiswahili kina njia ya asili ya kuandika hesabu hizi bila kudai kisichojulikana, nayo ni kauli ya kutendwa pamoja na neno mara: «Tovuti ilitembelewa mara 400.» Sentensi hii ni fupi, ni sahihi kisarufi, na haimtaji mtu ambaye hakuhesabiwa. Ikihitajika kuongeza kipimo cha nne, huandikwa: «Ilitembelewa mara 400, kupitia vifaa 250.» Mfasiri anayeng'ang'ania nomino ya Kiingereza huandika «wageni 400» na kuwazidisha watu, anayefuata kitenzi cha Kiswahili huandika ukweli bila jitihada.

Suala la neno idadi huambatana na hili. Idadi ni ya umoja, nayo ina ukubwa, haina wingi: idadi kubwa, idadi ndogo, idadi imeongezeka. «Idadi nyingi ya wageni» na «idadi ya wageni wameongezeka» ni makosa yanayojirudia katika ripoti.

## Kuvutia

Kitenzi vutia ni vuta katika kauli ya kutendea, na nomino yake ni kivutio, vivutio. Kivutio ni kitu kilichopo kweli: uwanda wa Mkata wenye makundi ya wanyama, milima inayouzunguka, mivumo ambayo kwa jina lake la kienyeji, mikumi, ndiyo iliyoupa mji na hifadhi jina. Kilichowekwa ili kumleta mtu bila kuwapo kinachoahidiwa si kivutio, ni chambo. Kichwa cha habari kinachoahidi tembo mlangoni mwa chumba huku nyumba ikiwa kando ya stendi ni chambo, na athari yake huonekana katika takwimu: watu hufika na kuondoka papo hapo.

Kuvutia kwa maneno kunategemea kutumia jina ambalo anayetafuta analitumia. Hapa lugha rasmi na lugha ya kawaida zimeachana mahali pengi, na mwandishi makini hutumia zote mbili kwa nafasi zake.

Hifadhi na mbuga. Jina rasmi ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania lililoanzishwa mwaka 1959. Watu wengi husema mbuga ya Mikumi au mbuga ya wanyama. Kwa maana yake ya msingi, mbuga ni uwanda wa nyasi, uwe na ulinzi wa kisheria au usiwe nao. Kichwa cha ukurasa hufaa kuwa na hifadhi. Maelezo yanaweza kutaja mbuga ili anayetafuta kwa neno hilo asikose njia.

Malazi, nyumba ya wageni, gesti, loji, hoteli. Malazi ni neno la ripoti. Msafiri aliyekwama usiku barabarani huandika gesti Mikumi. Tovuti inayosema malazi pekee ni sahihi kwa mwalimu wa lugha na haionekani kwa msafiri.

Mikumi yenyewe. Jina moja lina mji, hifadhi, jimbo la uchaguzi na mti. Ukurasa unaosema «Mikumi» bila kufafanua huwavutia wasiohitaji na kuwakosa wanaohitaji. «Mji wa Mikumi, Wilaya ya Kilosa» na «Hifadhi ya Taifa ya Mikumi» hutenganisha njia mbili.

Neno la Kiingereza «traffic», linapohusu tovuti, hutafsiriwa na baadhi ya waandishi kuwa trafiki au msongamano. Tanzania, trafiki ni askari wa usalama barabarani. Ripoti isemayo «tovuti ina trafiki wengi» itamfanya dereva apunguze mwendo. Msongamano ni foleni, yaani kukwama, kinyume kabisa cha kinachokusudiwa. Andika: wingi wa ziara, au, vizuri zaidi, tumia kitenzi: «Tovuti hutembelewa zaidi mwezi wa Julai.»

## Kuelewa

Vitenzi vya kumwelewa aliyefika vina ngazi, na kila ngazi ina uzito wake wa kimaadili. Kuhesabu ni kujua wangapi. Kuelewa ni kujua wanahitaji nini. Kufuatilia ni kuandama mwenendo wa mmoja kutoka ukurasa hadi ukurasa, na pengine kutoka tovuti hadi tovuti. Kupeleleza ni kufanya hivyo bila yeye kujua. Sera ya faragha isemayo «tunaelewa wageni wetu» ilhali kinachofanyika ni kufuatilia, imemnyima msomaji haki ya kujua. Nchini Tanzania jambo hili lina sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake. Neno la kuomba ruhusa ni ridhaa, na ridhaa haitolewi na asiyeelewa kitenzi alichosomewa.

Kidakuzi na mdukuzi hufanana kwa sauti na huchanganywa. Kidakuzi, cha ngeli ya KI-VI, ni faili ndogo inayowekwa na tovuti katika kivinjari. Mdukuzi, wa A-WA, ni mtu anayeingia katika mfumo wa wengine bila ruhusa. «Tovuti hii inatumia wadukuzi» imewahi kuwa zoezi zuri la darasani. Isiwe sera ya mtu.

Mahali anapotoka aliyefika pia panahitaji uangalifu. Takwimu hukisia mji kwa anwani ya intaneti, na simu iliyo Kilosa inaweza kuonekana iko Dar es Salaam, kwa kuwa mtandao wa simu hutokea huko. «Wageni wanaotoka Dar es Salaam» ni dai la kitabu cha wageni. «Vifaa vilivyounganishwa kupitia Dar es Salaam» ndilo dai la takwimu.

Mwisho ni «bounce». Tafsiri kudunda na kuruka huleta picha ya mpira. Katika Google Analytics ya sasa, ziara huhesabiwa kuwa na ushiriki ikiwa imezidi sekunde 10, au imefungua kurasa mbili au zaidi, au imekamilisha tendo ambalo mwenye tovuti ameliteua. Zilizobaki ndizo zinazohesabiwa katika kiwango hicho. Kiswahili husema kwa urahisi: kiwango cha kuondoka papo hapo. Wanaoingia humo ndio wapita njia.

## Zoezi la tafsiri

Chukua nyumba ya wageni ya kubuni mjini Mikumi yenye vyumba vinane. Ripoti yake ya mwezi, ambayo pia ni ya kubuni, ina mistari minne: ziara 400, watumiaji 250, kurasa zilizofunguliwa 900, kiwango cha kuondoka papo hapo asilimia 60.

Tafsiri ya kwanza: «Mwezi huu tulipata wageni 400. Asilimia 60 hawakuridhika.» Sentensi ya kwanza imegeuza matukio kuwa watu, tena watu wa kulala. Mwenye nyumba aliyepokea wageni 70 tu kitandani atadhani wengine 330 wamemkimbia, na anaweza kukopa ili aongeze vyumba visivyo na wa kulala. Sentensi ya pili imesoma moyo wa mtu kwa kuangalia alivyoondoka. Aliyetaka namba ya simu, akaipata ukurasa wa kwanza na kupiga, ameondoka papo hapo akiwa ameridhika.

Tafsiri ya pili: «Mwezi huu tovuti ilitembelewa mara 400, kupitia vifaa vipatavyo 250, na kurasa 900 zilifunguliwa. Katika ziara 240 kati ya hizo, aliyefika aliondoka papo hapo.» Hii imesema kila kilichopimwa na haikuongeza kitu. Ni ndefu kidogo, lakini mwenye nyumba akiisoma ataliuliza swali linalofaa: wale wa ziara 160 zilizobaki walitafuta nini, na ni wangapi kati yao waliopiga simu?

## Muhtasari wa matumizi

Mgeni: aliyepokewa, au aliyechukua chumba. Tumia panapokuwa na mwenyeji na daftari. Epuka katika takwimu za tovuti.

Mtalii: anayesafiri kutazama; katika takwimu, aliyelala. Usimwite mtalii kila aliyepita langoni.

Mtembeleaji: aliyefika mahali fulani, bila dai jingine. Linafaa kwa tovuti, makumbusho na hifadhi.

Ziara: tukio la kutembelea. Linafaa kuhesabia, ila katika sentensi ya kawaida «ilitembelewa mara» ni bora zaidi.

Mpita njia: aliyeona bila kukusudia kufika. Linafaa, na linastahili kutumiwa zaidi.

Mtumiaji: mwenye akaunti, au anayetumia huduma. Lisitumiwe kwa aliyefungua ukurasa mara moja.

Mteja: aliyenunua au anayetaka kununua. Mpaka alipe au aulize bei, bado hajawa mteja.